Kreti la Mpangaji

Mzee Shaaban aliinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akanywa funda moja. Kisha akafanya jambo ambalo Batuli hakuwahi kuliona katika posa yoyote. Aliomba apewe soda zote.

"Zote?" Batuli, mama wa bibi harusi, aliuliza.

"Zote, mama. Hata hizi mlizokwisha kumimina, zirudi kwenye jagi. Nina wajukuu wengi Msalato."

Wageni walikuwa bado wameshika bilauri zao, wakingoja mkubwa wao atangulie kama ilivyo ada, na hakuna aliyeonja hata tone. Mzee akazikusanya bilauri kwa mkono wake mwenyewe. Akabeba kreti na jagi mpaka kwenye pikapu yake, kisha akarudi kula sambusa kama hakuna lililotokea.

Huyo ndiye baba mkubwa wa bwana harusi, dereva mstaafu wa malori ya Zambia, mtu wa safu ya kwanza msikitini.

Posa ilipokelewa na siku ikapangwa, lakini Batuli alibaki na kinyongo. Vinywaji vile vilikuwa fahari yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu Dodoma akishindana kuweka mezani kitu cha nje, na yeye alikuwa na cha Mmarekani. Kijana huyo, mchimba visima, alikuwa mpangaji wake wa chumba cha uani. Baba yake alipougua huko kwao, aliondoka mbiombio. "Vilivyobaki ni vyako, mama," alisema akiwa mlangoni.

Kilichobaki kilikuwa kitanda, ndoo mbili, na kreti la chupa zenye kinywaji cha kahawia iliyokolea. Katika chupa hizohizo kijana alizoea kuwatengenezea kinywaji cha tangawizi. Batuli alifungua moja, akanusa. Ilinukia kimea, kama togwa. Akaridhika, akaifunika asionje, ili ziwatoshe wageni.

Na mzee mmoja akaja kuzizoa zote!

"Sijui nimepata wakwe au nimepata nzige," aliwaambia wanawake kwenye foleni ya bomba. Walicheka mpaka wakashikilia ndoo.

Hamida, bintiye, hakucheka. "Mama, yakiwafikia, wataniacha."

"Yawafikie. Mlafi lazima aambiwe."

Siku ya Ijumaa, akifagia nyuma ya gunia la mkaa, Batuli alikuta chupa mbili zilizosahauliwa. Moja akampa Habibu, mshenga.

"Mpelekee Mzee Shaaban mlangoni pa msikiti, watu wakitoka swala. Sema kwa sauti: Mama Hamida anasema malizia kiu yako."

"Mbele za watu, dada?"

"Kwani yeye alininyang'anya gizani?"

Ya pili akaifunga kwenye kanga, akaenda nayo Chang'ombe kwa Anastazia, mpika pombe. Yule Mmarekani alikuwa akinunua kimea kwake. Batuli alipita mlango wa uani, akiangalia nyuma kama mwizi wa kuku.

"Leo umepotea njia, Mama Hamida?" Anastazia alimtania. "Au dini imekushinda?"

"Nyamaza wewe. Nataka unitengenezee soda kama hii kwa ajili ya harusi. Nataka nyingi, hata nzige washibe."

Anastazia alimimina, akainua bilauri kwenye mwanga. Akainusa. Akanywa funda, akalizungusha mdomoni, akameza na kufumba macho.

"Kumbe aliiweza!" alisema. "Kimea alikikaanga mpaka kikawa kahawia, nami nikamcheka kuwa anaunguza. Sikia sasa: karanga za moto hizi. Na sukari guru iliyoungua kidogo. Halafu mwishoni kauchungu kadogo, kanafuta utamu usikwame kooni. Ni yale majani makavu aliyoletewa kutoka kwao. Na ubishi wangu wote, nampa nafasi ya kwanza. Yangu ya pili."

"Ya kwanza katika soda?"

Anastazia alianza kucheka. Akauona uso wa mwenzake, akaacha.

"Mama Hamida, hii ni pombe. Ndiyo wanayokunywa kwao Marekani. Bilauri mbili tu, ungekuwa unaimba."

Batuli alikaa juu ya kinu kilicholala. Masikio yalimwaka. Pombe, kwenye posa ya mwanawe, juu ya meza iliyosomewa dua! Na wale wajukuu wa Msalato, wamekunywa kreti zima?

Kisha akamkumbuka Habibu.

Alikimbia kanga mkononi, ndala moja ikakatika, akaiacha ilipo. Alipofika msikitini, watu walikwisha kutoka. Wanaume walikuwa wamemzunguka Mzee Shaaban, wakicheka. Ujumbe ulikuwa umefika, na kwa sauti.

Chupa ilikuwa mkononi mwa mzee, kizibo bado kipo.

"Ifungue tuone, mzee!" kijana mmoja alipaza sauti. "Malizia kiu!"

"Ili mniombe? Hamjaambiwa mimi ni mlafi?" Mzee aliitumbukiza ndani ya koti lake. "Sigawi hata tone."

Wakacheka zaidi. Mmoja alimwita nzige. Naye akacheka pamoja nao, kisha akamwona Batuli ng'ambo ya barabara, mguu mmoja peku, akavuka kumfuata.

"Shikamoo, mzee," Batuli alisema, akitazama vumbi.

"Marahaba, mama." Aligeuka kwanza kuhakikisha hakuna aliye karibu, kisha akainamisha kichwa na kunong'ona:

"Zile nilizimwaga chooni siku ileile, hata kanzu sijavua. Hii ndiyo ya mwisho?"