Mlambaji wa Kichuguu

Kaa! Mlio mmoja ulisikika usiku, na ukuta wa kichuguu ukapasuka.

Mchwa aliyepakwa na watumishi utomvu wa kazi mgongoni huchimba tu, hakomi mpaka alambwe. Lakini Malkia alikwisha kumfukuza mlambaji, eti analea wavivu, akakataza hata jina lake lisitajwe. Vyumba vikazidi, kuta zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Usiku huo mchimbaji mmoja, Machano, alijisugua jiweni kuuondoa utomvu hadi mgongo ukachubuka, akaenda kwa Malkia.

“Mama, ndugu zangu wanachimba kaburi letu.”

“Nyumba inakua. Una kijicho wewe.”

“Hata jipu hukua, Mama.”

Malkia alitaka kuinuka amng'ate, asiweze. Watumishi walikuwa wamempaka yeye pia ili azidi kutaga. Mayai yalimtoka bila kukoma, na tumbo lilikwisha kumbana ukutani.

“Nani ataniondolea utomvu huu?” aliuliza.

“Mwite mwenyewe. Sisi ulitukataza.”

Udongo ulianza kumwagika kutoka darini. Malkia akaita kwa sauti ndogo:

“Mwanahawa.”