Upande wa Ukutani

Dilys alikuwa anapanda ngazi kuu na mjukuu wake, wakiwa wageni wa chai ya jioni, aliposikia kile kikohozi cha bwana wake wa zamani kikishuka kutoka juu. Miguu yake ikageuka yenyewe. Pua ikakaribia kugusa ukuta.

Ndivyo walivyofundishwa watumishi, yeye akiwa mmoja wao, kabla jumba hili halijawa hoteli: bwana akipita, uso ukutani, asipate taabu ya kukuona.

"Bibi, una kizunguzungu?"

Mbele yake palikuwa na wale ndege wa kijani waliochorwa kwenye karatasi ya ukuta. Ujana wake wote aliwajua ndege hao kuliko sura ya bwana.

Akageuka, taratibu, mwili mzima.

Kumbe bwana ana macho ya bluu! Na mkongojo unatetemeka mkononi mwake. Jumba alishaliuza, amebakiwa na vyumba viwili vya nyuma.

"Naomba njia, mama," alisema.

Dilys aliweka kofia yake sawa. Akaegemea kishikio cha ngazi, kile alichokuwa akikisugua kwa nta kila asubuhi na asithubutu kukiegemea.

"Njia ipo, mzee mwenzangu," akasema. "Pita hapo, upande wa ukutani."