Nafasi Moja ya Shambani

Masika alimpokonya yule mwanamume jembe kabla halijagusa udongo.

"Samahani, baba," alisema, akauvamia mstari wa maharage kama mtu anayezima moto nyumbani kwake.

Nafasi ilikuwa moja, na wao walikuwa sita. Aliwahesabu alipofika tu asubuhi ile: wanaume wanne, wanawake wawili, wamejipanga mbele ya zizi wakigawiwa majembe na ndoo. Shemeji yake Gaston, aliyemletea habari, hakumwambia kwamba watu watapimwa. Alisema tu kuwa nje kidogo ya Johannesburg kuna shamba la wageni wa likizo, mwenyewe analiita hasienda, wanatafuta mtu mmoja wa shambani, na kazi ina chumba.

Chumba chenye mlango! Miezi kumi na mmoja Masika alikuwa akilala kwenye kochi la Gaston kule Bertrams, na kila kukiwa na mechi Gaston alisimama juu ya kichwa chake akikohoa mpaka aamke ampishe mbele ya runinga.

Msimamizi wa shamba, mama wa Tanga aitwaye Shufaa, alimpokea vizuri. "Karibu, dada. Hapa hatutumii mashine wala dawa. Umeme wetu wa jua, mbolea yetu ya mbuzi. Kaa hapo kwenye benchi, pampu imeharibika. Nikitoka huko tutazungumza."

Benchi! Masika alizijua benchi za mji huu. Tangu saluni aliyokuwa akifanyia kazi Yeoville ifungwe alikuwa amekalia nyingi, na zote zilimrudisha kwenye kochi. Shufaa alipopotea tu nyuma ya matangi, Masika alivua viatu, akalifuata jembe la karibu.

Washindani wake hawakujua hata kushika mpini. Dada mmoja, mwenye kucha ndefu za zambarau, aling'oa maharage akaacha magugu. Kijana mwingine alimpiga mbuzi picha badala ya kumkamua. Wajanja hawa, Masika aliwaza, wanakusanya ushahidi wa kumwonyesha bosi. Akamkamua mbuzi yule na wengine watatu, kijana akiwa bado anatafuta mwanga mzuri.

Kufikia saa sita alikuwa amepalilia nusu ya bustani, ameokota mayai yote na amefagia uwanja. Yule mwanamume aliyepokonywa jembe, mnene, buti zake mpya bado zina karatasi ya duka, alimfuata akihema.

"Dada, niachie walau mstari mmoja," alimwomba kwa Kiingereza. "Mke wangu ananitazama."

"Hata mimi nina watu wananitazama," Masika alijibu kwa Kiingereza chake cha saluni.

"Nimeiomba nafasi hii tangu Januari! Mwaka jana waliniambia zimejaa."

"Eish, pole. Basi mwaka huu ungekuja na mikono."

Macho ya mwanamume yalilengwa na machozi. Huruma ikamgusa Masika kidogo. Akampa ndoo ashike.

Baada ya chakula wote sita walikaa kivulini, mabega yamewashuka, wakinong'ona na kumnyooshea vidole. Wa kucha za zambarau akashindwa kuvumilia.

"Wewe ni mchoyo! Nitapeleka malalamiko."

"Peleka, mamaa," Masika alisema, akisukuma toroli la tisa. "Mimi napeleka samadi."

Saa kumi Shufaa alitoka kwenye pampu, grisi mpaka viwikoni. Alifika kwenye bustani akasimama. Udongo ulikuwa mweusi na safi kutoka ua hadi ua. Magugu yalikuwa lundo refu kuliko yeye. Hata njia ya kuku ilikuwa imefagiliwa.

"Yote haya umefanya wewe?"

"Ni mimi, mama. Bale bengine hawakugusa kitu." Masika alijifuta jasho kwa kitenge, Kiswahili cha kwao kikimtoka. Alikuwa amejiandaa kusema kwa ukali, lakini alijikuta akiomba. "Mama, uniambie tu leo, nisirudi kungojea simu. Kile chumba, niko nacho ama sina?"

Shufaa aliwatazama wale sita pale kivulini, akahema.

"Dada yangu, wale ni wageni wetu. Wamelipia kulima mpaka Jumapili, na leo ndiyo kwanza Ijumaa." Akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea kiganjani. "Chumba ni chako. Sasa anza kazi: yarudishe magugu yote ardhini."