Beseni la Chai ya Rangi

Jumatano ya tarehe tisa, saa nne asubuhi, gari la wagonjwa lilikuwa limebeba viti vya mkutano wa wakubwa, na Mwajabu akafia kwenye benchi la zahanati. Miezi miwili baadaye mumewe, Shekalaghe, alikuwa ameinama uani, akizamisha kwenye beseni la chai ya rangi vitambaa vya kupamba jukwaa la harusi ya binti yao, Zaituni. Mwajabu alipamba harusi za mji mzima hivyo. Nyeupe ya dukani, alisema, iachiwe sanda. Bi harusi akae kwenye weupe uliotulia, kama wa maziwa.

“Baba, hicho kimekuwa kahawia,” Zaituni akasema.

“Kikikauka kitapauka.”

“Mama alisema hivyo?”

Shekalaghe akakikamua kwa nguvu. “Wangeleta gari, ungemuuliza mwenyewe.”

Kilibaki kitambaa kimoja tu, cheupe pe. Zaituni akakishika juu ya beseni, asikizamishe.

“Baba,” akasema taratibu, “mama huwa anakiacha humo kwa muda gani?”