Dagaa wa Kisasi

Ng'ombe wake alinyoosha shingo kulifikia gunia. Sleyum akampiga kofi la pua.

"Toka! Si chako hiki. Sumu hii!"

Akajitwika gunia begani, akatoka. Ghubra nzima ilikuwa imelala baada ya Adhuhuri, na yeye alikuwa na kisasi cha kulipa.

Majira ya baridi ya mwaka ule wa 1968 qatt, majani ya kulishia ng'ombe, haikukua, na majani makavu yote yalikuwa ghalani kwa binamu yake Thabit. Kila wiki Thabit alipandisha bei. Sleyum alikuwa amekuja Oman kutoka Unguja miaka minne nyuma, mikono mitupu, akanunua ng'ombe wawili kwa bangili za mkewe Kheiria. Maziwa yao ndiyo yaliyowalea watoto. Alipokwenda kuomba apunguziwe bei, Thabit alimcheka mbele za watu.

"Huiwezi bei, rudi Unguja. Huko majani ya bure."

Thabit alijua fika kwamba ndugu wawili wa Sleyum wameuawa na kuzikwa huko. Neno lile lilimchoma Sleyum hadi mfupani. Akaapa: wangu wakifa, na wako hawabaki.

Njia aliijua. Utotoni mwake Unguja, ng'ombe wa baba yake alikula matumbo ya samaki, akavimba, akafa kabla ya Magharibi. Basi akamuuza ng'ombe mmoja, akenda pwani kwa Bi Bakhita, muuza dagaa wakavu.

"Gunia zima? Na dagaa nao wamepanda bei tangu qatt ipande," alisema Bi Bakhita. "Kwani una ng'ombe wangapi, mwanangu?"

"Mmoja!" Sleyum alijibu kwa ghadhabu. Hata muuza dagaa anamdhihaki kwa umaskini wake!

Mchana ule akawamwaga dagaa kupitia juu ya ua wa makuti, ndani ya zizi la Thabit. Akasikia ng'ombe wanatafuna. Raha iliyoje! Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, gunia baada ya gunia, akingoja kusikia kilio kwa Thabit. Wapi! Ng'ombe wa huku wagumu kama wenyewe, alijiambia, akazidisha.

"Baba Hind," Kheiria alimsihi, "pesa za yule ng'ombe si zipo? Mnunulie huyu majani, anakwisha."

"Subiri. Nna jambo nnalimaliza kwanza."

Ijumaa ya tatu, asubuhi, ng'ombe wake wa mwisho alilala chini, hakuinuka tena.

Mchana, baada ya sala, Thabit alisimama msikitini, machozi yakimlengalenga. Moyo wa Sleyum ukaruka kwa furaha. Hatimaye!

"Jamaa zangu, tamaa iliniponza," alisema Thabit. "Qatt niliiuza yote, hata fungu la ng'ombe wangu, na dagaa tunaowalisha siku zote nikawaona ghali. Lakini yupo mja wa Mungu, kila mchana ananimwagia gunia zizini. Wamenenepa, hawapiti mlangoni! Simjui ni nani. Inueni mikono tumuombee: Mola ambarikie na yeye ng'ombe wake."

Msikiti mzima ukainua mikono. Sleyum naye akainua yake, akaitika:

"Amin."