Hedifoni za Refa

"Bado," alisema Refa. Alikuwa amesimama dirishani kwa mguu mmoja, mikono imeng'ang'ania fremu, hedifoni mpya zimembana masikio. "Kimya kabisa. Soma tena, Mwalimu."

Mkewe, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, alisogeza karatasi karibu na macho. "Wanasema sasa badilisha mguu, uhesabu mpaka kumi. Usikimbize."

"Na hiyo inaunganishaje simu na hedifoni?"

"Mimi nisome au nitunge? Si wewe unayesema sheria ni sheria?"

Hapo alimpata pabaya. Refa alipuliza filimbi viwanjani miaka ishirini na sita, na hadi leo kitu kikishaandikwa kwenye karatasi, yeye hukifuata mpaka nukta ya mwisho. Akabadilisha mguu. Goti la kushoto, lile lililopasuliwa mwezi uliopita, likalalamika. Akauma meno, akahesabu.

Saa kumi timu yake ilikuwa inacheza fainali. Redio ilikuwa marufuku, televisheni marufuku, kwa sababu binti yao muuguzi alikuwa amelala chumba cha pili baada ya zamu ya usiku. Ni yeye aliyekuja nazo hizo hedifoni asubuhi. Aliweka mezani boksi na makaratasi, akamnong'oneza mama yake maneno mawili matatu, akaenda kulala.

Siku nyingine Refa asingejisumbua. Tangu apasuliwe alikuwa amehamia kwenye kochi na mizigo yake yote. Daktari alishasema goti lisipokunjwa litakakamaa, na likikakamaa, baada ya wiki mbili watalipasua upya. Kijana wa mazoezi ya viungo alipobisha hodi, Refa alimtolea kadi nyekundu mlangoni, eti hawezi kufundishwa kutembea na mtoto wa juzi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa maumivu, na zaidi aliogopa kujaribu halafu goti likatae. Hilo hakumwambia mtu.

Lakini fainali ni fainali.

"Bonyeza kitufe mpaka taa iwake buluu na nyekundu," alisema Mwalimu. Simu ilikuwa mapajani mwake, maana miwani ya Refa ilipotea tangu chai ya asubuhi, na bila miwani hatofautishi simu na sabuni.

Refa akabonyeza. Hedifoni zikalia tiriri! Moyo ukamruka. Mwalimu akapitisha kidole kwenye kioo cha simu. Tiriri nyingine, ya huzuni, kisha kimya.

"Zimekata!"

"Basi tumeruka hatua. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu mpaka ulingane na meza. Mara kumi."

"Mguu tena?"

Mwalimu alikohoa kidogo. "Umeme si huwa unakwenda ardhini, Baba?"

Refa alifikiri, akaona mantiki yake. "Kumbe ni mambo ya waya wa ardhi! Wangesema mapema." Akanyoosha mguu. Mara ya tatu ilimtoa machozi, ya saba ikamtoa tusi dogo, na ya kumi alijishangaa mwenyewe.

"Sasa tembea kutoka kochini mpaka mlangoni na kurudi. Mara sita. Bila fimbo."

"Hapo nimewaelewa. Wanapima zinashika umbali gani."

"Akili yako bado ina chaji," alisema Mwalimu, akajificha nyuma ya karatasi.

Safari ya kwanza Refa alitembea kama mtu anayevuka matope. Ya tatu alianza kucheka, bila kujua anacheka nini. Ya tano alisimama mbele ya pazia, akalionya, akalitolea kadi ya njano. Mwalimu alikuwa hoi, leso mdomoni, mabega yanatikisika. Refa alipogusa kochi mara ya sita, tiriri ikalia, na masikioni mwake uwanja mzima ukalipuka: mtangazaji, ngoma, mavuvuzela, "...na mpira umeanza!"

Alirusha mikono juu. Akamshika mkewe kiunoni, wakacheza duara moja katikati ya sebule, wakizibana midomo wasimwamshe binti yao.

Mapumziko yalipofika timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja. Mwalimu alikwenda jikoni kubandika chai. Refa, roho juu juu, akajitupa kwenye kiti cha mkewe, na kitu kigumu kikamchoma chini ya mto. Akaingiza mkono. Miwani yake!

Akaivaa huku akiguna. Kwanza aliliona boksi la hedifoni. Maelekezo yake yalikuwa bado ndani, kwenye nailoni ambayo haijapasuliwa.

Akaichukua ile karatasi mezani. Juu kabisa kulikuwa na muhuri wa hospitali, na chini yake maandishi meusi: "Mazoezi ya goti baada ya upasuaji. Wiki ya kwanza."

Refa alitazama mguu wake. Goti lilikuwa limejikunja lenyewe chini ya kiti, kama goti la mtu yeyote.

"Kipindi cha pili kinaanza!" mtangazaji alipiga kelele masikioni mwake. Refa aliichukua simu ambayo mkewe aliiacha mezani, akatafuta alama ya bluetooth, akaizima. Akairudisha karatasi ilipokuwa, akavua miwani, akaisukuma chini ya mto mpaka ikapotea kabisa.

"Mwalimu," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo, mama, zimekata tena. Hebu angalia kama kuna ukurasa wa pili."