Pole za Baba Lugano

Siku hizi ukimwambia mtu "pole" kwenye simu, uchovu wake wote unahamia kwako, isipokuwa akiwahi kujibu "nimeshapoa." Watu wamekuwa wachoyo wa pole, hata kwa ndugu zao. Si mume wangu, baba Lugano. Tangu jana niko kwenye mashindano ya baiskeli ya kuvuka milima ya Makete, na kila nikifika mwinuko mkali ananipigia kutoka nyumbani.

"Pole, mama Lugano."

Nami, mjinga, najibu "asante," na miguu inakuwa myepesi.

Kwenye mwinuko wa mwisho nikampigia mimi. Alikuwa anahema kama aliyebeba gunia la viazi.

"Pole, baba Lugano," nikasema, nikashika usukani kungoja magoti yalegee.

"Nimeshapoa," akaniwahi.

Magoti hayakulegea. Nikamsikia akitafuta pa kukaa.